Mashauri ya Nyumbani: Simu Mpya Imeingia Nyumbani. Je, Imeandikwa Jina la Nani?



Juma hili twaziacha kidogo habari za mbegu na kuku, tuseme habari za kitu kinachokaa mfukoni. Pamba ikiisha kuuzwa, au dagaa wakipata bei nzuri pale Mwigobero, desturi ni kwamba mtu huenda Musoma au Bunda mjini, akarudi na simu. Watoto huizunguka kama kuku wanavyozunguka mtama. Kabla jua halijatua wamekwisha piga nayo picha za mbuzi, wameongea na shangazi wa Mwanza, na kila mtu nyumbani ameishika. Lakini kuna saa moja ya kazi ambayo karibu nyumba zote huiruka, nayo ni kazi ya kuipanga akaunti.

Neno hili akaunti si geni. Wazee wetu walilijua tangu siku za vyama vya ushirika. Karani alikuwa na kitabu chake, na ndani yake kila mkulima alikuwa na ukurasa: kilo zake za pamba, deni lake la mbegu, fedha anazodai. Aliyeandikwa jina juu ya ukurasa ndiye aliyelipwa, hata kama gunia lilibebwa na kichwa cha mtu mwingine. Simu ni vivyo hivyo, ila kitabu hakipo mezani pa karani. Kipo mbali, ndani ya mashine za kampuni, na mashine haikujui sura wala haimjui baba yako. Yajua jina na namba tu.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza juu ya simu mpya si kama yapiga picha nzuri. Swali ni hili: laini iliyomo ndani imeandikwa jina la nani?

Mwakumbuka mambo ya mwaka 2019. Tangu tarehe 1 Mei ya mwaka ule serikali ilianza kuandikisha laini kwa alama za vidole pamoja na namba ya Kitambulisho cha Taifa, ile ndefu yenye tarakimu 20. Mwisho wa kazi uliwekwa tarehe 31 Desemba, ukasogezwa mpaka tarehe 20 Januari 2020, kisha laini zisizoandikishwa zikaanza kuzimwa. Foleni zilikuwa ndefu. Wazee wengi vidole vyao vilikuwa vimelika kwa mpini wa jembe na kamba za nyavu, mashine ikakataa kuvisoma. Wengine namba zao za NIDA zilikuwa hazijatoka. Basi nyumba nyingi zikapita njia ya mkato: laini ya mama ikaandikwa kwa kidole cha mwanawe, na laini ya babu kwa kidole cha mjukuu. Simu zikaendelea kulia, watu wakasahau.

Nami sitaki msahau. Chukueni mfano wa mama mjane wa upande wa Butiama, auzaye vitunguu na nyanya siku za mnada. Laini yake ni ya jina la mwanawe wa pili, ambaye alikwenda Geita kutafuta kazi. Kila mnada mama huweka shilingi elfu tano, mara elfu kumi, katika simu ile, kwa ajili ya karo na mabati. Siku simu ikitumbukia mtoni, mama hawezi kupewa laini nyingine yenye namba ile ile, maana kidole kinachotakiwa kipo Geita. Hilo ni dogo. Kijana akifa, Mungu apishe mbali, fedha zile mbele ya sheria ni mali ya marehemu. Zitaingia katika mirathi. Atatakiwa msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, na kwetu vijijini ndiyo Mahakama ya Mwanzo. Mke wa marehemu na watoto wake nao wana haki yao. Na mama atasimama mbele ya hakimu akieleza kwamba fedha zilizo katika jina la mwanawe zilitoka katika vitunguu vyake. Shahidi wake atakuwa nani? Vitunguu vimekwisha kuliwa.

Basi aliye katika hali hiyo asingoje. Kama namba yako ya NIDA imetoka, nenda na kitambulisho chako kwenye duka la kampuni mjini, ukiwa pamoja na yule ambaye laini iko kwa jina lake, mwombe karani aihamishe iwe ya jina lako. Kama namba haijatoka, anzia ofisi ya NIDA ya wilaya. Najua nauli ni fedha, na najua kwamba mtu aweza kuambiwa arudi kesho. Hata hivyo safari mbili za Bunda mjini ni nafuu kuliko kesi moja ya mirathi.

Tena kuna jambo la kuchungulia. Bonyeza *106# katika simu yako, ufuate maneno yatakayotokea. Utaweza kuona laini zilizoandikishwa kwa kitambulisho chako. Kwa nini uone? Kwa sababu wako vijana wa laini, si wote, ambao mtu akiweka kidole humwambia, "Haijasoma, weka tena," kumbe ya kwanza ilisoma, na ile ya pili imeandikisha laini nyingine kwa jina lake. Laini hiyo huuzwa kwa mwizi. Mwizi akiisha kuwadanganya watu nayo, polisi wakifuata jina, wanafika kwako, wewe uliyekuwa shambani ukipalilia mihogo. Ukiona namba usiyoijua katika orodha yako, nenda kwa kampuni ile uikane mara moja.

Hapa niseme kidogo juu ya majina, maana sisi watu wa Mara tunayo mengi. Mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Wambura. Baadaye hupewa jina la ubatizo. Kisha lipo jina la baba na jina la babu, na kijijini huenda watu wakamwita kwa jina la utani tu. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, aliitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua, kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha. Julius alilipata alipobatizwa mwaka 1943. Yeye alijulikana kwa yote mawili. Wewe na mimi si hivyo. Mashine yajua majina yale tu yaliyo katika kitambulisho, na kwa herufi zile zile. Anayetaka kukutumia fedha ataona jina hilo katika simu yake kabla ya kutuma. Kwa hiyo waambie wanao na wanunuzi wako: "Likitokea jina fulani na fulani, ndimi." Hii itawaokoa, kama mtakavyoona mbele.

Sasa tuje kwenye namba ya siri, nayo yataka tukae kitako.

Mtu akifungua akaunti ya fedha, iwe M-Pesa ya Vodacom iliyoanza hapa Tanzania mwaka 2008, iwe Airtel Money, HaloPesa, au Mixx ya kampuni ya Yas ambayo zamani iliitwa Tigo, huambiwa achague namba ya siri. Aghalabu huchagua akiwa amesimama juani, kijana wa laini akimngoja, na watu wawili watatu nyuma yake. Katika haraka ile huandika 1234, au mwaka wake wa kuzaliwa. Jamani! Kijijini nani asiyejua mwaka wako wa kuzaliwa? Umeandikwa katika kadi ya kliniki, katika cheti cha ubatizo, katika kitambulisho kile kile ulichomkabidhi kijana wa laini. Wengine huchagua tarakimu nne za mwisho za namba yao ya simu, jambo ambalo ni sawa na kufunga mlango kisha ufunguo ukautundika juu ya kitasa.

Chagua namba ambayo wewe una sababu ya kuikumbuka na mwingine hana sababu ya kuibahatisha. Mtu aweza kuchukua kilo za gunia fulani la pamba alilouza siku asiyoisahau, au namba iliyokuwa ubavuni mwa baiskeli yake ya kwanza. Usiiandike nyuma ya simu wala katika karatasi iliyokunjwa ndani ya kifuniko chake. Wezi huanza kutafuta huko. Kama kijana wa laini aliiona ulipokuwa ukiiandika, ukifika nyumbani ibadilishe. Katika orodha ya huduma za fedha pana sehemu ya akaunti yangu, na ndani yake pana mahali pa kubadili namba ya siri. Wenye M-Pesa huingia kwa *150*00#, wenye Airtel kwa *150*60#, wenye Mixx kwa *150*01#, wenye HaloPesa kwa *150*88#. Mashine itakuuliza namba ya zamani kwanza, kisha mpya mara mbili. Basi.

Wako wazee watakaosema: "Sisi macho yetu hayaoni, mjukuu ndiye hutubonyezea." Nawajibu hivi. Simu za vitufe zina alama ndogo iliyoinuka juu ya kitufe cha 5, kama chembe ya ulezi. Haikuwekwa kwa urembo. Kidole kikiisha kuipata 5, kinajua 2 iko juu yake, 8 chini yake, 4 kushoto na 6 kulia. Bibi aliyesuka mikeka gizani maisha yake yote hashindwi na jambo hili. Ampe mjukuu simu amsomee ujumbe na kumfikisha mpaka pale panapotakiwa namba, kisha aichukue, aigeuzie kifuani, abonyeze mwenyewe. Mfundisheni mara kumi jioni moja, vidole vitashika. Mjukuu ni mtoto mwema, sikatai. Lakini mjukuu ana rafiki, na rafiki ana michezo ya kamari ya mpira katika simu, na fedha za bibi zipo karibu.

Na mume na mke je? Wengine wasema wasifichane kitu, wengine wasema kila mtu na namba yake. Mimi naona kujua kwamba fedha zipo ni jambo moja, na kuweza kuzitoa ni jambo jingine. Mwenzako ajue una akaunti, ni ya kampuni gani, na takribani kuna kiasi gani. Hayo yasipojulikana, mtu akifa fedha hukaa huko bila mwenyewe kwa sababu hakuna aliyejua pa kuziuliza. Namba yenyewe mwaweza kupatana nyumbani kwenu. Ila msiseme barazani.

Wakala hana haja nayo kamwe. Nalikazia hili kwa sababu nimeona watu wakimpa wakala simu nzima wakisema, "Nitolee elfu ishirini, namba ya siri ni fulani," na watu kumi wanasikia. Kutoa fedha ni hivi: unafungua orodha mwenyewe, unachagua kutoa, unaandika namba ya wakala iliyobandikwa kibandani, kisha kiasi, mashine inakuonyesha jina la wakala, ukiona ni lenyewe ndipo unapoandika namba ya siri. Ujumbe huja kwako na kwake. Kisha anakupa fedha, unazihesabu papo hapo. Kama hujui kusoma, nenda na mtu wa nyumbani mwako, si mtu uliyemkuta pale.

Hapa nakumbuka habari za wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa. Miaka ya kwanza ya 1950 walikuwa wakilalamika kwamba mizani ya wanunuzi yawapunja. Hawakukaa wakilia. Walianza kuweka watu wao wenyewe wa kupima, na kutokana na jitihada hizo vikakua vyama vya ushirika, chini ya uongozi wa Paul Bomani, aliyezaliwa hapa hapa Musoma mwaka 1925. Mkulima hakuhitaji kujua jinsi mizani ilivyotengenezwa. Alihitaji kutazama mshale kwa macho yake kabla pamba haijaondoka. Katika simu mshale ni lile jina linalotokea kabla ya namba ya siri.

Mwajua ule ujumbe usemao, "Ile hela itume kwenye namba hii"? Hakuna aliyewahi kupata simu asiupate. Watu hushangaa: mwizi alijuaje kwamba nataka kutuma fedha? Hakujua. Amepeleka ujumbe ule kwa watu maelfu, na kati ya maelfu yale, hasa mwezi wa Januari wakati wa kufungua shule, yupo baba mmoja wa Nyamuswa ambaye kweli amekaa na fedha za shule mkononi akingoja namba. Ujumbe unamfikia saa ile ile, naye anadhani umetoka kwa mwanawe. Aliyepangiwa mambo vizuri hadanganyiki: jina litakalotokea si la mwanawe, wala si la mwalimu wa fedha, basi anaacha. Ujumbe wa namna hiyo waweza kupelekwa, pamoja na namba iliyoutuma, kwa 15040, nako hakuna malipo ya akili kubwa. Ni kuupitisha tu ulivyo.

Wapo pia wapigao simu kwa sauti tamu wakijiita watu wa kampuni. Wasema akaunti yako itafungwa, au umeshinda zawadi, au kuna fedha zimekuja kwako kwa makosa uzirudishe. Mtu wa kampuni hakuulizi namba ya siri, si kwa sababu ana adabu, bali kwa sababu kazi yake haihitaji. Ukiwa na shaka, kata simu, kisha wewe mwenyewe piga 100, namba ya huduma kwa wateja. Na ukiambiwa kwamba umetumiwa fedha kwa makosa, usiusadiki ujumbe. Tazama salio lako mwenyewe kwa namba yako ya siri. Kama salio halikuongezeka, hakuna kilichoingia. Hata kama limeongezeka, mwache aliyekosea aende kwa kampuni yake, nayo itarudisha.

Haya ni ya simu zote, hata ile ndogo ya tochi. Sasa maneno machache kwa nyumba ambazo kijana ameleta simu ya kupapasa, yenye WhatsApp. Sitaeleza yote. Kwanza, lugha. Simu nyingi hizi zaweza kusema Kiswahili. Ingia katika mipangilio, tafuta lugha, chagua Kiswahili, nawe utaacha kubahatisha. Siku ya kufungua WhatsApp utaletewa tarakimu sita kwa ujumbe. Tarakimu hizo ni mlango mzima wa akaunti. Mtu akikupigia na kusema, "Nimekosea, nimetuma namba kwako, nisomee," hata kama ni sauti ya kanda yako na lugha yako ya nyumbani, usimsomee. Akiipata, atahamisha akaunti yako iwe katika simu yake, wewe utabaki nje.

Na akiisha kuingia atafanya nini? Fikirini mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, mwenye wanachama thelathini, wote wamo katika kundi moja la WhatsApp. Asubuhi wanachama wanaona ujumbe kutoka kwa jina lake na picha yake: "Ndugu zangu nimepatwa na shida, nipo hospitali, nikopesheni laki moja, jioni nitarudisha." Nani atamkatalia mweka hazina? Wanne wakituma ni laki nne, na tena jina jema la mtu limetiwa matope kwa siku moja. Kwa hiyo WhatsApp ina komeo la pili, nalo limeachwa wazi mpaka mwenyewe alifunge. Ingia katika mipangilio, kisha akaunti, utafute uthibitishaji wa hatua mbili. Utachagua tarakimu sita zako mwenyewe. Toka siku hiyo, mwizi hata akipata zile sita za ujumbe, atasimamishwa na hizi. Simu itakuwa ikikuuliza mara moja moja ili usizisahau. Kama wewe ni mweka hazina, au mwenyekiti, au mtu yeyote ambaye jina lake laweza kutoa fedha mifukoni mwa watu, fanya leo kabla ya kulala. Na wanachama wafanye desturi hii: ombi la fedha likija kwa maandishi, mpigie mwombaji, usikie sauti yake.

Katika sehemu ya faragha pana mambo ya kuchagua: nani aone picha yako, nani aone saa uliyokuwa ukitumia simu, nani aweze kukutia katika makundi. Yote waweza kuyapunguzia kwa watu ulionao katika orodha yako ya namba. La makundi nalipendekeza sana, maana lisipofungwa utajikuta ndani ya kundi la watu wanaouza dawa za utajiri. Kuhusu picha, mama wengi hupenda kuweka ya mtoto amevaa sare za shule. Ni picha nzuri. Walakini sare yaonyesha shule, na shule yaonyesha kijiji, na asiyemjua mtoto amekwisha kujua pa kumngojea. Weka yako mwenyewe, au ya ng'ombe.

Kundi la ukoo likipiga kelele usiku kucha, huna haja ya kutoka na kuleta ugomvi. Waweza kulinyamazisha kwa saa nane, au juma zima, au daima, na hakuna atakayejua. Tena zima ile tabia ya simu kupakua yenyewe kila picha na kila video inayoletwa. Ipo chini ya hifadhi na data. Kifurushi cha shilingi elfu moja huliwa na salamu za asubuhi zenye maua kabla hujapata kusoma bei ya pamba.

Nimebakiza jambo la kupotea. Simu ikipotea au ikiibwa, usianze kwa kuitafuta. Azima simu ya jirani wa kampuni ile ile, piga 100, laini na akaunti zifungwe. Ndipo uende mjini na kitambulisho chako ukatoe laini mpya yenye namba ile ile. Hapo utaona faida ya jina lako kuwa lako. Tena ile kadi kubwa ambayo laini ilikatwa ndani yake msiitupe. Ina namba iitwayo PUK, tarakimu nane. Mtu akikosea namba ya kufungulia laini mara tatu, laini hujifunga, na PUK ndiyo huifungua. Lakini PUK nayo ikikosewa mara kumi, laini imekufa. Iwekeni katika sanduku la vyeti, pamoja na kadi za kliniki na karatasi za kiwanja.

Wenzangu wa vijiji ambavyo umeme haujafika kila nyumba, simu zenu hulala katika kibanda cha kuchaji, mara nyingine tangu asubuhi mpaka jioni, kati ya simu ishirini za watu wengine. Kabla ya kuiacha, ifungeni kwa namba ya kufungulia laini. Ipo katika mipangilio ya usalama, na hata simu za tochi zinayo. Au toeni laini mwende nayo shambani, imefungwa katika pindo la kanga. Mwenye kibanda hatakasirika. Kama ni mtu mwenye busara, atafurahi kwamba siku fedha za mtu zikipotea, hakuna atakayemtazama yeye.